Nani Alifuta Sitini Yetu?

Kitendawili! Ukiitika tega hata kimoyomoyo nitakusikia, maana masikio ndiyo kitu pekee mwilini mwangu ambacho hakijaomba likizo. Haya. Nilimkalisha sebuleni mbele ya mashahidi. Kila mtu alimtazama usoni akamtaja jina lake. Hakuna aliyemgusa, wala mlango haukufunguliwa. Tulipogeuka hayupo, na kiti chake kimekaliwa na mwingine.

Fikiri taratibu. Usiseme mwizi, mwizi ana miguu. Ukishindwa sheria unaijua, unanipa mji, natawala mji wako, kisha nakupa jibu. Lakini usiwe na haraka ya kunipa mji. Kuna bwana mmoja mwenye tai alitaka kunipa wake nikaukataa, na hapo ndipo ninapokupeleka.

Ukipita mbele ya nyumba yetu utaona bati la bluu. Zunguka nyuma, utaona bati jekundu. Bluu ilitangulia. Tulipopata pesa ya kumalizia, bluu dukani ilikuwa imekwisha, tukachukua iliyokuwepo. Binti yangu alitaka tupake rangi ili paa lifanane. Nikamwambia ole wake atakayepanda na ndoo ya rangi juu ya kichwa changu. Nyekundu ile ni medali, na medali haipakwi rangi.

Mume wangu alikuwa mpika sabuni. Si zile sabuni ndogo za harufu ya maua, ni sabuni ya mche, ile ya kufulia, unayoikata kwa uzi. Kiwanda kilipotangaza kuuza hisa kwa watu wote, wafanyakazi wake waligawiwa zao. Wengi waliziuza kabla hata hawajajua ni mnyama gani. Yeye hakuuza. Alisema, "Nimeipika sabuni hii mpaka nyusi zikaungua. Acha na mimi nimiliki angalau povu lake." Kila mwaka kiwanda kikapata faida, na sisi tukapata gawio letu. Mwaka mwingine lilitosha viatu vya watoto, mwaka mwingine lilitosha kucheka tu.

Sasa nikueleze tabia moja ya kiwandani aliyoileta nyumbani, maana bila hiyo hutaelewa lolote. Pale kwenye tangi la kupikia palikuwa na kipimo cha joto. Zamani mtu mmoja alikisoma peke yake, akakisoma vibaya, wakamwaga magadi, tangi likafura na kutapika, na mwenzao akaungua mkono mpaka begani. Tangu hapo, kwenye tangi lile hakuna aliyemwaga magadi mpaka watu watatu wamesoma kipimo na kila mmoja ametaja namba kwa mdomo wake. Hakuna kusema "kama alivyosema mwenzangu." Unasoma mwenyewe, unataja mwenyewe.

Basi mume wangu akaifanya nyumba yetu kuwa tangi. Tukinunua kitanda, bei inasomwa na kila mtu. Mtoto akienda shule, ada inasomwa na kila mtu. Majirani walitucheka, wakasema nyumba ile hata chumvi inapigiwa kura. Mimi nilikoma kuona haya siku nyingi. Katika nyumba yenye watu walioishia darasa la nne kama mimi, ile tabia ilinipa nafasi sawa na wasomi. Zamu yangu ikifika, wote wanangoja.

Alipoona nguvu zinamwisha, mume wangu alituita akasema hisa atazitunza mjukuu wetu. Mjukuu huyo ni mtoto wa binti yangu mkubwa, na sote tunamwita Barafu, kwa sababu ni fundi wa friji. Ana karakana pale kona, chumba kimoja chenye milango ya friji iliyoegemezwa ukutani kama watu wanaosubiri daktari. Babu yake alimchagua kwa neno moja tu: "Huyu hasemi friji limepona mpaka amelilaza karakana usiku kucha, nalo likagandisha."

Aliyeumia ni mwanangu wa kiume. Yeye tunamwita Mwenyekiti. Hajawahi kuchaguliwa popote, lakini hakuna kikao ambacho hakukiongoza. Wakikaa watu wawili kunywa chai, yeye ni wa tatu na tayari ana ajenda. Urithi wa baba yake kupita juu ya kichwa chake na kutua kwa mtoto wa dada yake, tena binti mwenye bisibisi mfukoni, lilikuwa jambo la kumkosesha usingizi. Alikohoa tu, na mimi kikohozi cha mwanangu nakijua.

Mambo yakabadilika, karatasi za hisa zikaingizwa kwenye kompyuta, na kuuza hisa ikawa lazima kupitia dalali. Barafu akafungua akaunti kwa dalali wa mtandaoni. Duka lake hatukulijua wala uso wake hatukuuona. Alikuwa picha ya kijani kwenye simu.

Paa lilipoanza kuvuja hata pale tulipokuwa tumeziba, tukakubaliana tuuze nusu ya hisa tubadilishe bati zote. Tulikaa sebuleni asubuhi, mimi, binti yangu, Mwenyekiti na Barafu, na mabeseni mawili yalikuwa yanadondokewa nyuma yetu. Barafu akaeleza vizuri. "Kuna namna mbili za kuuza. Ya kwanza inaitwa bei ya soko. Ukichagua hiyo umesema uza sasa hivi, kwa bei yoyote utakayoikuta. Ya pili inaitwa bei yangu. Unaandika namba, na dalali haruhusiwi kuuza chini yake hata senti. Asipopata mnunuzi, anangoja."

"Tunataka ya pili," nikasema.

"Ndiyo, bibi. Sitini kwa kila hisa. Jana watu wamenunua kwa sitini."

Akaandika, akaipitisha simu. Mwenyekiti akasoma haraka kama mtu anayesoma risiti ya mwenzake: "Bei yangu, sitini." Binti yangu akasoma: "Bei yangu, sitini." Ikaja kwangu. Nikavaa miwani, nikaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, nikaanza kuanzia juu kabisa, maana mimi sisomi namba tu kama wanaokimbilia basi. Nasoma kila kilichoandikwa. U-za. Idadi ya hisa. Aina ya oda, bei yangu. Sitini. Usiuze chini ya hapo. Oda idumu mpaka jioni. Nikasoma mpaka yale maneno madogo ya chini kabisa. Katikati ya kusoma mwanga wa simu ulififia, nikaugusa kwa kidole ukarudi, nikaendelea pale nilipoishia. Nikamaliza, nikatamka "sitini" kwa sauti, nikamrudishia Barafu. Watu watatu walikwisha kusoma, kwa hiyo akabonyeza thibitisha.

Chai ilikuwa bado inachoma midomo, simu ikalia. Oda imekamilika. Barafu akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena kama vile imeshikwa juu chini.

"Wameuza zote," akasema. "Kipande cha kwanza kwa hamsini na tisa. Kinachofuata hamsini na mbili. Halafu arobaini na... Cha mwisho thelathini na nane."

Ulishaona mtu anakatiza sokoni na kapu la nyanya kichwani, anapaza sauti "chukueni kwa pesa mliyo nayo mkononi"? Wa kwanza atatoa bei ya haki. Wa mwisho atatoa bei ya utani, na nyanya atapewa. Ndivyo zilivyouzwa hisa za mume wangu. Na jioni ya siku ileile, watu wengine waliuza za kwao kwa sitini na moja.

Dalali akasema oda yetu iliingia kama bei ya soko.

Mwenyekiti alisimama. Yeye habari mbaya hasikilizi akiwa amekaa. "Fundi friji amegandisha urithi wa baba yangu," akasema. "Nilijua. Mikono ya kushika bomba la gesi imepewa soko la hisa!"

"Mjomba, sikuchagua bei ya soko. Wewe mwenyewe ulisoma."

"Nilisoma ulichonionyesha. Ulichobonyeza nani alikiona?"

Hapo alimpata. Kubonyeza alibonyeza peke yake. Mwenyekiti akatangaza kikao, na azimio akalitoa yeye kabla ya kikao. Ikithibitika Barafu ndiye aliyekosea, nusu ya hisa iliyobaki inahamia mikononi mwake yeye Mwenyekiti. Na sote tulijua mikononi mwake hazitalala hata siku mbili. Alikuwa anaangalia gari fulani kwa jicho la mchumba. Binti yangu akanitazama. Nikasema sawa, ikithibitika. Lakini kwanza ithibitike.

Bati zikanunuliwa kwa pesa iliyopatikana. Zikatosha mbele na pembeni. Nyuma, juu ya chumba changu, likabaki lilelile bati la zamani lenye matundu. Nyumba ikawa kama mtu aliyevaa kofia ya nusu kichwa. Wapita njia walitabasamu. Barafu kila akitoka karakana alipita upande wa nyuma akiwa ameinamisha uso.

Akaanza kudai haki yake. Mwanzo alijibiwa na mashine. Unaandika "mmeuza chini ya bei yangu," inakujibu "asante kwa kuwasiliana nasi, tunathamini maoni yako." Baadaye akapata binadamu wa huduma kwa wateja, msichana mwenye sauti ya upole kama anambembeleza mgonjwa ale. Mjukuu wangu akaeleza, akaelezwa, akaeleza tena. Nikaona anachoka, nikaomba simu.

"Mwanangu," nikamwambia yule msichana, "hujambo?"

"Sijambo, shikamoo bibi."

"Marahaba. Nina swali moja tu, fupi. Tuliandika sitini. Watu watatu tuliisoma. Ninyi mnasema haikufika. Nani aliifuta?"

"Bibi, rekodi zetu zinaonyesha oda iliingia kama bei ya soko."

"Sijauliza iliingiaje. Huo ni mlango. Mimi nauliza nani aliifuta."

"Mfumo wetu, bibi, hufuata maelekezo ya mteja."

"Bado hujajibu. Ukishindwa nipe mji."

"Samahani bibi, mji wa nini?"

"Kitendawili kikikushinda si unatoa mji?"

"Bibi," akasema kwa upole uleule, "hapa kwetu hatuna utaratibu wa miji." Nikamsikia kabisa anazuia kicheko. Barafu naye akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile, hata bisibisi ikamponyoka.

Ila kucheka si kujibiwa. Tulipiga tena na tena, na kila mara nilimwomba Barafu anipe simu mwishoni niulize lile swali langu. Wengine walisema watafuatilia. Mmoja aliniuliza kama nina mtu mzima wa kunisaidia. Nikamwambia mtu mzima ndiye mimi, wengine hapa wote nimewazaa au nimezaa waliowazaa.

Halafu ukaja ujumbe mtamu. Dalali atatulipa nusu ya kile tulichopoteza, kama ishara ya ukarimu, mradi Barafu akubali kwa sahihi yake kwamba kosa lilikuwa la mteja, na shauri liishe hapo.

Mwenyekiti alikuja mbio kama aliyesikia king'ora. "Weka sahihi! Pesa hiyo inatosha bati za nyuma. Mama anaogeshwa na mvua chumbani mwake, na wewe unaringa?"

Barafu alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa chenye mafuta. Aliifuta kidole kimoja kimoja. "Mjomba," akasema, "bibi akiniambia niweke sahihi kwa sababu ya kitanda chake, naweka sasa hivi. Ila nitakuwa nimesaini kitu ambacho si kweli. Sikukosea."

Wote wakanigeukia. Ni kweli usiku nilikuwa nasogeza kitanda kukwepa tone, mpaka kitanda kikafika mlangoni. Lakini nilimtazama yule mtoto, amesimama na kitambaa chake, shingo imenyooka, na nikamwona babu yake siku ile msimamizi alipomwambia amwage magadi bila kusoma kipimo, akagoma mbele ya kiwanda kizima. Nikasema, "Kitanda changu kina miguu minne, kitasogea. Usisaini."

Mwenyekiti akainua mikono mbinguni akaondoka, akarudi kuchukua kofia yake, akaondoka tena.

Hapo ndipo Barafu alipoanza kazi yake halisi. Kila akipata nafasi alifungua ile programu ya kijani, anaandika hisa chache, anachagua bei yangu, anaandika sitini, anafika pale pa kuthibitisha, anaangalia. Sitini ipo. Anafuta, anaanza upya. Ipo. Alijaribu kwa kidole gumba, kwa mkono wa kushoto, akiwa amesimama, akiwa chini ya friji. Ipo tu, imetulia kama haijawahi kutoroka maishani mwake.

Jioni moja alikuja akakaa kwenye kitanda changu pale mlangoni. "Bibi, labda ni mimi kweli. Labda nilibonyeza kitu bila kujua."

Nikamuuliza, "Mteja akikuletea friji, anasema nyumbani haligandishi, na karakana kwako linagandisha vizuri, unamwambia ameota?"

"Hapana."

"Unafanyaje?"

"Naenda kwake. Friji likikubali kwangu na kukataa kwake, tatizo liko kwenye namna wanavyoishi nalo. Kuna mmoja kumbe alikuwa anaingiza sufuria ya moto. Mwingine mtoto anaacha mlango wazi akichagua..." Akakatisha. Akaniangalia, na mimi nikamwangalia. "Bibi, najaribu peke yangu. Siku ile hatukuwa mtu mmoja."

"Ehe."

"Inabidi tuwapelekee nyumba nzima. Tukaishi mbele yao."

Ofisi ya dalali kumbe ipo, ghorofa ya tatu, sakafu inateleza kama imepakwa sabuni yetu. Mwenyekiti alikuja pia. Alisema anakuja kushuhudia mwisho wa ubishi, na alivaa koti. Tulipokelewa na Mkuu wa Malalamiko, bwana wa makamo mwenye tai na kadi ya kazi shingoni, mtu wa adabu. Aliniamkia vizuri, akaniletea kiti chenye mikono. Mtu mbaya ningemjua. Huyu alikuwa mtu aliyeambiwa na mashine yake kwamba mashine yake haina kosa, na hakuwa na sababu ya kuibishia.

"Mama zangu," akasema, "kumbukumbu ziko wazi. Lakini tuonyesheni."

Barafu akaandika hisa mbili tu, bei yangu, sitini. Bwana akaangalia, "Ipo." Akampa Mwenyekiti. Mwenyekiti akasoma mbio, "Bei yangu, sitini," na akamwonyesha bwana kwa fahari, utadhani ndiye aliyeiajiri ile namba. Ipo. Akampa binti yangu. "Bei yangu, sitini." Ipo.

"Mnaona?" akasema bwana, na kwa kweli alionekana kutuonea huruma. "Haibadiliki."

"Haibadiliki!" akaitikia Mwenyekiti.

"Bado mmoja," akasema Barafu, akaniletea simu.

Nikatafuta miwani. Ilikuwa chini kabisa ya mkoba, chini ya leso na dawa na kitana. Nikaipata, nikaifuta, nikaivaa. Nikaweka kidole chini ya mstari wa kwanza. "U... za. Hisa... mbili. Ai-na ya oda..."

Bwana akainama kwa wema. "Lete bibi, nikusomee."

"Usimsomee," akasema Barafu.

Hakusema kwa ukali, ila kalamu ya bwana ilisimama. "Bibi yangu anajua kusoma," akasema. "Mngoje amalize."

Nikwambie kitu, msikilizaji wangu. Nimewahi kuvishwa kanga mpya mbele ya umati, nimewahi kushikwa mkono na wakubwa mume wangu alipostaafu. Hakuna kilichonipandisha kama neno lile, katika chumba kile cha vioo, mbele ya watu wanaosoma kwa kupepesa jicho tu. Nikanyoosha mgongo, nikasoma kwa sauti kubwa zaidi na polepole zaidi. Nilisoma sitini. Nilisoma usiuze chini ya hapo. Nilisoma oda idumu mpaka jioni. Vijana wa meza za jirani waliacha kubofya. Nikafika kwenye yale maandishi madogo ya chini, na mwanga wa simu ukafifia, nami nikaugusa kwa kidole kama kawaida yangu, ukarudi, nikamaliza. "Sitini."

Barafu akanyoosha mkono kupokea, halafu akaurudisha. "Bibi," akasema taratibu, "soma tena. Kuanzia juu."

"Tena?" akasema Mwenyekiti. "Tutalala hapa?"

Nikarudisha kidole juu. "U-za. Hisa mbili. Aina ya oda..." Nikasita. Nikaivua miwani, nikaivaa. "Aina ya oda, bei... ya... soko."

Wote wakasogeza vichwa kwenye kioo cha simu.

"Soma tena, mama," akasema Mwenyekiti. Sauti ilikuwa nyingine, ile ya utotoni, alipokuwa ananiamsha kuniambia kuna kitu chini ya kitanda.

"Bei ya soko. Na sitini hii hapa, lakini imekuwa ya kijivu." Ilikuwa imebaki pale imefifia, kama nguo iliyoanikwa na mwenyewe hayumo ndani.

Bwana akaichukua simu kwa mikono miwili. Akaitazama muda mrefu. Akaketi, akatoa simu yake mwenyewe, akaandika oda, akaiweka mezani bila kuigusa. Tukangoja wote tumeinama kama watu waliozunguka kisima. Mwanga ukafifia. Akaugusa. Namba ikawa ya kijivu, na pale juu pakaandikwa bei ya soko. Akamwita kijana wa mitambo. Kijana akajaribu kwa haraka, ikakaa. Akajaribu kwa kungoja, ikatoroka. Akasema ukikawia programu hujifunga yenyewe kwa usalama, na ukiiamsha inarudi kwenye mpangilio wa mwanzo, na mpangilio wa mwanzo ni bei ya soko. Na hakuna aliyewahi kuligundua kosa hilo, akasema, kwa sababu hakuna mtu anayekaa pale pa kuthibitisha muda mrefu hivyo.

"Yupo," akasema Barafu, akaniwekea mkono begani.

Mwenyekiti akasimama. Nikajua anatoa hotuba, na alitoa, fupi kuliko zote za maisha yake. Alimwonyesha Barafu kwa kiganja kizima. "Huyu," akamwambia bwana, "ndiye mtunza hisa wa ukoo wetu." Akaketi. Akatafuta leso kwenye mkoba wangu bila kuniomba.

Bwana akaanza kusema. Alisema kuhusu muda wa usalama wa mfumo, kuhusu mazingira yasiyo ya kawaida, kuhusu mapitio ya ndani na utaratibu wa fidia. Maneno yalikuwa mazuri, yamepangwa kama sabuni kwenye boksi. Nikamwacha amalize. Kisha nikasema, "Mwanangu, yote hayo nimeyasikia. Lakini mimi nilitega kitendawili tangu siku ya kwanza, nimekitega kwa kila aliyepokea simu katika ofisi hii, na mpaka sasa sijajibiwa. Tuliandika sitini. Nani aliifuta?"

Akatabasamu, akakuna shingo pale kadi ilipomkwaruza. "Bibi, kitendawili hicho kizito. Nakupa mji. Chukua huuhuu, na ofisi zake zote."

Vijana wakacheka. Mimi sikucheka.

"Sitaki mji," nikamwambia. "Huyu mtoto ametembea ameinamisha uso kwa ajili ya jibu hili. Amekataa pesa yenu kwa ajili yake. Nataka ulitoe kwa mdomo wako, naye akiwa hapa, na mjomba wake akiwa hapa. Nani aliifuta?"

Tabasamu likamtoka. Akaangalia simu yake mezani, yenye sitini ya kijivu. Akaangalia vijana wake, na wao wakaangalia viatu. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akamgeukia Barafu, si mimi.

"Ni sisi," akasema. "Wewe uliandika sawasawa. Sisi ndio tulioifuta."